Siku Tatu za Kusubiri Jibu: Namna Maabara Inavyotambua Bakteria Sugu kwa Dawa

Somo la afya kwa wakazi wa Kata ya Qurus



Mtu anapolazwa kwa homa kali, au kidonda chake cha upasuaji kinapoanza kutoa usaha, ndugu zake huweza kuambiwa maneno haya na daktari: "Tumechukua sampuli, inaoteshwa maabara, jibu litatoka baada ya siku tatu." Hapo ndipo manung'uniko huanza. Jamaa aliyetoka nyumbani na nauli ya kuhesabu hujiuliza: kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu kabla chai haijapoa, hiki kina nini hata kichukue siku tatu? Wapo wanaodhani kuwa mgonjwa wao amesahauliwa. Wapo wanaochoka, wakamwondoa mgonjwa wodini na kwenda kumnunulia dawa dukani kwa kubahatisha. Wapo pia wanaopewa jibu na kubadilishiwa dawa, nao wakahitimisha kuwa daktari alikosea tangu mwanzo.

Somo hili linaeleza kinachotendeka ndani ya siku hizo tatu, na kwa nini zinaweza kuwa tofauti kati ya uhai na kifo. Linaeleza pia jambo moja ambalo wengi hawalijui: ubora wa jibu huamuliwa kwa sehemu kubwa kabla sampuli haijaingia maabara, na sehemu hiyo ya mwanzo imo mikononi mwa mgonjwa na ndugu zake.

Bakteria sugu ni nini?

Bakteria ni viumbe wadogo mno wasioonekana kwa macho matupu. Wengi wao hawatudhuru: wamo tumboni mwetu, kwenye ngozi, katika udongo wa shamba na katika maziwa ya mgando. Wachache husababisha maradhi. Hata wale wa tumboni huwa hatari wanapoingia mahali pasipo pao, kama vile kwenye damu, kwenye kibofu cha mkojo au kwenye kidonda. Viuavijasumu, ambavyo wengi huviita antibaiotiki, ni dawa zinazoua bakteria au kuwazuia wasiongezeke. Dawa hizi haziui virusi. Kwa hiyo hazina kazi yoyote katika mafua wala katika vikohozi vinavyoletwa na virusi.

Mkulima hahitaji maelezo marefu ili kuelewa usugu. Anayepulizia dawa ileile ya magugu msimu baada ya msimu hufika mwaka akaona mimea kadhaa imesalia kijani katikati ya shamba lililokauka. Dawa haikuipa mimea hiyo nguvu mpya. Iliyaua magugu dhaifu na kuiachia nafasi yote ile michache iliyoweza kustahimili. Bakteria hufuata njia hiyohiyo, lakini kwa kasi kubwa zaidi. Bakteria wa tumboni aitwaye E. coli, akipata chakula na joto la kumfaa, huweza kugawanyika na kuwa wawili kila baada ya dakika 20 hivi. Zaidi ya hayo, bakteria huweza kupeana vinasaba vya usugu, hata wakiwa wa aina tofauti, mithili ya majirani wanaoazimana ufunguo.

Ieleweke vizuri kwamba anayekuwa sugu si mtu, bali ni bakteria. Kwa sababu hiyo hata mtu ambaye hajameza viuavijasumu kwa miaka mingi anaweza kuugua kwa bakteria sugu aliowapata kwa mtu mwingine.

Hatari hii ilitabiriwa mapema. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini jijini London mwaka 1928, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kwamba kutumia dawa hiyo kwa kipimo kisichotosha kungewazoesha vimelea kuistahimili. Makadirio ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa katika mwaka 2019 peke yake watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa kutokana na bakteria sugu. Nchini kwetu tatizo hili huitwa usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kwa kifupi UVIDA, na Serikali ilianza kutekeleza mpango wa kitaifa wa kupambana nalo mwaka 2017.

Ushahidi kutoka hospitali za Tanzania

Kati ya mwaka 2001 na 2002, watafiti katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, waliotesha damu ya watoto 1,828 wenye umri usiozidi miaka 7 waliolazwa wakiwa na dalili za maambukizi makali. Takribani watoto 14 katika kila 100 walikutwa na vimelea ndani ya damu. Miongoni mwa watoto waliokuwa na bakteria wa kundi liitwalo Gram hasi, 43.5 katika kila 100 walifariki. Kwa watoto waliokuwa na malaria, waliofariki walikuwa 20.2 katika kila 100. Maana yake ni kwamba maambukizi haya ya damu, ambayo wananchi wengi hawajapata hata kuyasikia jina, yaliua kwa kiwango kinachozidi mara mbili ya kile cha malaria, ugonjwa ambao sote tunauogopa.

Watafiti hao waliona jambo jingine zito. Mtoto aliyepewa dawa ambayo bakteria wake walikuwa sugu kwayo alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa, hata baada ya kuzingatia maradhi mengine aliyokuwa nayo. Dawa ilitolewa, sindano ilichomwa, mzazi aliona mwanawe anatibiwa. Lakini ndani ya mwili bakteria waliendelea kuongezeka kana kwamba hakuna kilichofanyika. Katika matokeo mengine ya hospitali hiyohiyo yaliyochapishwa mwaka 2005, watoto walioambukizwa bakteria wenye uwezo wa kuvunja dawa za kundi la seftriaksoni walikufa 71 katika kila 100, ilhali walioambukizwa bakteria wasio na uwezo huo walikufa 39 katika kila 100.

Ukanda wetu wa kaskazini una ushahidi wake. Mwaka 2007 na 2008, watafiti mjini Moshi waliwachunguza wagonjwa 870, watoto na watu wazima, waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili, mojawapo ikiwa KCMC. Wagonjwa 528 miongoni mwao walikuwa wamedhaniwa kuwa na malaria. Vipimo kamili vilipofanywa, malaria ilikuwa chanzo cha homa kwa wagonjwa 14 tu, ilhali bakteria katika damu walikuwa chanzo kwa wagonjwa 85. Homa ni dalili yenye vyanzo vingi, na anayeitibu kwa kukisia huweza kutibu ugonjwa usiokuwepo na kuuacha uliopo.

Maambukizi yanayopatikana hospitalini

Mgonjwa huweza kuingia hospitalini kwa ugonjwa mmoja na kupata mwingine akiwa humohumo. Kwa kawaida, maambukizi yanayojitokeza baada ya saa 48 tangu mgonjwa alazwe huhesabiwa kuwa ya hospitalini. Kwa kidonda cha upasuaji, uangalizi huendelea hadi siku 30 na pengine zaidi, hivyo mama aliyejifungua kwa upasuaji anaweza kuanza kuona usaha akiwa tayari amerudi nyumbani.

Njia za maambukizi haya zinajulikana: mpira wa mkojo uliokaa muda mrefu, sindano ya dripu, kidonda cha upasuaji, mashine ya kumsaidia mgonjwa kupumua, na zaidi ya yote, mikono. Mikono hiyo ni ya wahudumu, na ni yetu sisi tunaokwenda kuwaona wagonjwa. Wodini ndimo dawa nyingi hutumika, na ndimo watu dhaifu hulala karibukaribu. Kwa hiyo bakteria wanaokutwa huko wana nafasi kubwa zaidi ya kuwa sugu kuliko wale wa nyumbani.

Hapa maabara ina kazi mbili. Ya kwanza ni kumsaidia mgonjwa mmoja apate dawa inayomfaa. Ya pili ni kuilinda wodi nzima. Maabara ikiona kwamba wagonjwa watatu wa wodi moja wana bakteria wa aina moja, wenye usugu wa namna moja, hiyo ni ishara kwamba kuna chanzo cha pamoja: pengine karo ya kunawia, pengine kifaa, pengine mikono isiyonawa. Bila kuotesha, vifo vya wagonjwa hao vingeandikwa kimoja kimoja na hakuna ambaye angeona uhusiano wake.

Safari ya sampuli kutoka Jumatatu hadi Alhamisi

Neno lenyewe, kuotesha, linatoka shambani, na mkulima ataielewa kazi hii upesi. Kabla ya kupanda, mtu makini huchukua mbegu chache, akazitandaza kwenye kitambaa chenye unyevu na kungoja aone ngapi zitachipua. Hakuna namna ya kuiharakisha mbegu. Mteknolojia wa maabara hufanya vivyo hivyo kwa bakteria. Tuchukue mfano wa mtoto aliyelazwa Jumatatu asubuhi kwa homa kali.

*Jumatatu: kuchukua damu.* Muuguzi husafisha ngozi ya mtoto kwa dawa, akasubiri ikauke, kisha akavuta damu na kuitia katika chupa maalumu yenye maji ya lishe ya bakteria. Kwa mtu mzima huhitajika mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa. Kwa mtoto mdogo huchukuliwa kiasi kidogo, mara nyingi mililita 1 hadi 3. Wapo wazazi wanaoogopa kwamba mtoto "ananyonywa damu". Kiasi hicho hakimdhuru, nacho ni cha lazima, kwa kuwa bakteria katika damu huweza kuwa wachache sana, na damu kidogo mno huweza isiwe na hata mmoja. Chupa huwekwa katika kabati lenye joto la nyuzi 35 hadi 37, yaani joto linalokaribia lile la mwili.

Mara tu damu inapochukuliwa, mgonjwa mahututi huanzishiwa dawa bila kungoja jibu. Daktari huchagua dawa ambayo kwa uzoefu na kwa mwongozo wa taifa ina nafasi kubwa ya kufaa. Utaratibu ni huu: sampuli kwanza, dawa baadaye, na vyote viwili ndani ya muda mfupi.

*Jumanne: kuona dalili ya kwanza.* Bakteria wakiongezeka, hutoa hewa ambayo mashine huitambua. Mahali pasipo na mashine, mteknolojia huangalia kama maji ya chupa yamekuwa na ukungu. Tone la maji hayo hupakwa kwenye kioo na kutiwa rangi kwa njia iliyobuniwa mwaka 1884 na daktari wa Denmark, Hans Christian Gram. Chini ya hadubini, bakteria wa kundi moja huonekana wa zambarau, nao huitwa Gram chanya. Wa kundi la pili huonekana wa rangi ya waridi, nao huitwa Gram hasi. Hili si jibu kamili, lakini maabara humjulisha daktari papo hapo, kwa sababu makundi haya mawili huhitaji dawa tofauti. Siku hiyohiyo tone jingine hupakwa kwenye visahani vyenye lishe iliyoganda kama uji mzito uliopoa. Mojawapo ya lishe hizo huchanganywa na damu, mara nyingi ya kondoo.

*Jumatano: kutambua jina na kutega dawa.* Baada ya usiku mmoja, juu ya kisahani hutokea vidoadoa. Kila kidoa ni ukoo wa mamilioni ya bakteria waliotokana na mmoja. Kwa kuangalia rangi na umbo lake na kwa vipimo vingine, mteknolojia hutambua jina la bakteria. Kisha huchukua vidoa vichache, akavikoroga katika maji ya chumvi hadi ukungu wake ulingane na kipimo maalumu, na kupaka maji hayo kwenye kisahani kipya, chote pasipo kubakiza. Juu yake huweka vidonge vya karatasi vyenye upana wa milimita 6, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Kisahani hurudishwa katika kabati la joto kwa saa 16 hadi 18.

*Alhamisi: kupima kwa rula.* Asubuhi kisahani kizima huwa kimefunikwa na utando wa bakteria, isipokuwa kuzunguka baadhi ya vidonge, ambako hubaki duara tupu. Duara hilo ni mahali ambapo dawa imewazuia bakteria wasiote. Mteknolojia hupima upana wake kwa rula na kuulinganisha na jedwali la kimataifa. Kwa mfano, katika mwongozo wa Marekani unaotumika katika maabara nyingi, duara la seftriaksoni kwa bakteria kama E. coli likiwa na milimita 23 au zaidi, dawa inafaa. Likiwa na milimita 19 au pungufu, bakteria ni sugu. Baina ya hapo ni katikati. Bakteria wakiota hadi kukigusa kidonge, dawa hiyo haina kazi kwa mgonjwa huyo.

Baadhi ya usugu huhitaji mtego wa ziada. Wapo bakteria wa Gram hasi wanaotengeneza kimeng'enya kinachoikatakata dawa mithili ya mkasi. Ili kuwabaini, mteknolojia huweka vidonge viwili: kimoja cha dawa peke yake, na cha pili chenye dawa hiyohiyo pamoja na kemikali inayoufunga mkasi. Duara la kidonge cha pili likizidi la kwanza kwa milimita 5 au zaidi, mkasi umegundulika. Kwa bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, anayeleta majipu na usaha wa vidonda, kipo kidonge maalumu kinachoonyesha kama anastahimili karibu dawa zote za ukoo wa penisilini. Watafiti wa KCMC walichapisha matokeo mwaka 2017 yaliyoonyesha kuwa bakteria sugu wa namna hizi wapo katika ukanda wetu.

Kwa mkojo na usaha, sampuli hupelekwa moja kwa moja kwenye kisahani bila kupitia chupa, hivyo jibu huweza kuwahi kwa siku moja. Kwa damu isiyoonyesha kitu, chupa huangaliwa hadi siku 5 au zaidi kabla ya kutamka kuwa hakuna kilichoota. Siku tatu basi si uzembe. Ni muda ambao kiumbe hai hutumia kuota mara mbili au tatu mfululizo.

Namna ya kulisoma jibu

Karatasi ya majibu huwa na jina la bakteria, orodha ya dawa, na herufi moja mbele ya kila dawa. S humaanisha kuwa bakteria wanadhurika na dawa hiyo. R humaanisha kuwa ni sugu. I humaanisha hali ya katikati, ambayo daktari ndiye wa kuipima.

Mgonjwa asikimbilie kuchagua mwenyewe dawa yenye herufi S. Shirika la Afya Duniani liliyagawa madawa haya mwaka 2017 katika makundi matatu: ya kutumika kwanza, kama amoksilini, ya kuangaliwa kwa makini, kama seftriaksoni, na ya akiba, kama kolistini, ambayo hutunzwa kwa ajili ya mgonjwa ambaye nyingine zote zimeshindwa. Daktari huchagua iliyo nyembamba zaidi kati ya zinazofaa, ili ile ya akiba isichakae kabla ya siku yake.

Kubadilishiwa dawa siku ya Alhamisi si ushahidi wa kosa la Jumatatu. Dawa ya kwanza ilichaguliwa gizani kwa sababu ugonjwa haukungoja. Ya pili imechaguliwa baada ya taa kuwashwa. Kadhalika, kubadilishiwa kutoka sindano ya bei kubwa kwenda kidonge cha bei nafuu si kupuuzwa. Huweza kuwa habari njema kuliko zote.

Mambo yanayoharibu jibu

*La kwanza ni dawa iliyomezwa kabla.* Tuseme mama mmoja ana mtoto mwenye homa. Amempa amoksilini iliyobaki nyumbani tangu mwaka jana, vidonge vitatu tu, kisha hali ilipozidi akampeleka hospitali. Dawa hiyo haikutosha kuwaua bakteria wote, lakini imetosha kuwazuia wasiote ndani ya chupa. Alhamisi jibu linasema hakuna kilichoota. Ugonjwa upo, na alama zake zimefutwa. Ubaya huzidi pale mama anapoona haya kusema alichompa mtoto. Daktari akijua, atalisoma jibu kwa tahadhari. Asipojua, atalipokea kama lilivyo.

*La pili ni uchafu wa sampuli.* Bakteria wa kawaida wa ngozi wakiingia kwenye chupa ya damu, wataota nao, na mtu atatibiwa ugonjwa asio nao. Mkojo uliotiwa kwenye chupa ya soda au ya mafuta ni kazi bure. Chombo sahihi hutolewa na maabara. Mgonjwa ajisafishe, aache mkojo wa mwanzo upite, kisha akinge wa katikati bila kugusa ndani ya chombo. Mkojo huo ufike maabara ndani ya saa 2. Ukikaa juani huku mtu akisubiri usafiri, bakteria wachache wasio na maana huongezeka wakaonekana kuwa ugonjwa. Hii ni sababu mojawapo ya watu kuambiwa mara kwa mara kuwa wana UTI na kupewa dawa ambazo hawakuzihitaji.

*La tatu ni umbali.* Zahanati haioteshi bakteria; kazi hiyo huhitaji chumba, umeme usiokatika ovyo, lishe na wataalamu, na hivyo hufanyika katika hospitali kubwa. Kutoka Karatu hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 200. Kwa hiyo mtaalamu wa zahanati akikupa rufaa mapema, usiichukulie kama kufukuzwa. Saa unazookoa ni saa za matibabu.

Wajibu wa mgonjwa na ndugu zake

1. Usimeze wala usimpe mgonjwa viuavijasumu kabla ya kupimwa, hata kama vilimponya jirani.
2. Ukiwa umekwisha kuvitumia, sema. Beba pakiti au chupa yake uionyeshe. Hutafokewa kwa haki. Na hata ukifokewa, uhai ni bora kuliko haya.
3. Muulize mhudumu kwa adabu: "Je, sampuli ya kuotesha imechukuliwa kabla ya sindano ya kwanza?" Ni haki yako kuuliza.
4. Usiondoke kabla ya jibu. Ukiruhusiwa kwenda nyumbani, acha namba ya simu inayopatikana na ulifuate jibu siku uliyoambiwa.
5. Tumia dawa kwa kipimo na kwa siku ulizoelekezwa. Usinunue nusu dozi kwenye duka la dawa muhimu, usigawane na mwenzako, wala usiweke akiba ya baadaye.
6. Unapokwenda kumwona mgonjwa, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa na baada ya kumgusa. Usikae kitandani kwake, usishike kidonda wala dripu, na usiende na mtoto mchanga bila sababu.
7. Kidonda cha upasuaji kikipata wekundu, maumivu yanayozidi, harufu au usaha, rudi ulikohudumiwa. Usikipake dawa ya kienyeji wala unga wa kidonge, kwa kuwa utaficha kile ambacho maabara inakitafuta.

Pamoja na hayo yote, isieleweke kwamba mtu angoje. Mtoto mchanga anayekataa kunyonya, aliyelegea, anayepumua kwa kasi, mwenye degedege, au mwenye mwili wa moto sana au wa baridi isiyo ya kawaida, apelekwe kituo cha afya saa hiyohiyo. Somo hili linakataza dawa za kubahatisha nyumbani. Halimkatazi mtu kukimbilia matibabu.

Zizini nako

Bakteria hawajui mpaka kati ya zizi na chumba cha kulala. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliohusisha kaya za Wamasai, Waarusha na Wachagga kaskazini mwa Tanzania, ulikuta bakteria sugu wameenea kwa watu, kwa wanyama na katika mazingira. Mfugaji anayechoma ng'ombe sindano ya OTC kila anapomwona amezubaa, bila kumwita mtaalamu wa mifugo, anafanya lilelile alifanyalo mama wa amoksilini iliyobaki. Siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa zifuatwe kabla ya kunywa maziwa au kuchinja. Maziwa yachemshwe, kwa kuwa moto huwaua bakteria, sugu na wasio sugu pia. Mikono inawe baada ya kukamua na baada ya kuzoa samadi.

Muhtasari

Maabara haina uwezo wa kutengeneza dawa mpya. Inachoweza ni kutueleza, kwa rula na kisahani, ni ipi kati ya tulizonazo bado inafanya kazi kwa mgonjwa huyu. Jibu hilo ni la kweli iwapo sampuli ilichukuliwa mapema, ilikuwa safi, na ilitoka kwa mtu aliyeeleza ukweli wa dawa alizotumia. Daktari na mteknolojia wana kazi yao katika siku hizo tatu, nasi tuna kazi yetu kabla hazijaanza.

Maswali ya kujadili katika mikutano ya vitongoji na vikundi

1. Katika nyumba yako, je, vimo viuavijasumu vilivyobaki? Vilitoka wapi, na vilikusudiwa kwa ugonjwa gani?
2. Eleza kwa maneno yako kwa nini damu huchukuliwa kabla ya sindano ya kwanza ya dawa.
3. Ndugu yako amepewa jibu kwamba hakuna kilichoota, ilhali homa inaendelea. Ni mambo gani ungemweleza daktari?
4. Ni mazoea gani ya kutembelea wagonjwa ambayo sisi wa kata hii tunapaswa kuyabadili?
5. Wafugaji wa kitongoji chenu huamua vipi dawa ya kumpa mnyama anayeumwa, na nani huitwa kwanza?